Dawa ya saa mbili na ibada ya Jumapili: kumlea mtoto mwenye mtindio wa ubongo katika nyumba ya Kikristo

Swali la kwanza kanisani halisemwi kwa sauti, huzungushwa. Mama alifanya nini mimba ikiwa changa? Ukoo wa baba una nini? Wanafunzi wa Yesu angalau walilisema wazi katika Yohana 9: "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" Jibu walipewa palepale: hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake. Sisi tunaolea watoto wenye mtindio wa ubongo tumejifunza kuiweka aya hiyo kichwani pamoja na maelezo ya kitabibu, kwa sababu aya peke yake haimnyamazishi shangazi mwenye hoja, na maelezo ya daktari peke yake hayamtulizi mama usiku.

Maelezo yenyewe ni haya. Mtindio wa ubongo hutokana na jeraha au hitilafu katika ubongo unaokua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Mtoto anaweza kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa uchungu, kupata manjano kali siku za mwanzo ikadhuru ubongo, au kuugua homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga. Mara nyingi hata daktari hawezi kutaja sababu moja. Jeraha la ubongo haliendelei kukua, ila mwili hubadilika kadiri mtoto anavyorefuka: misuli iliyokaza huzidi kukaza, nyonga huanza kutoka mahali pake, mgongo hupinda. Kwa hiyo mzazi anayesema "mwanangu anazidi kuharibika, lazima kuna mkono wa mtu" ameona kweli, isipokuwa amekosea chanzo. Ukilijua hili unakuwa na la kuwajibu wakubwa wa ukoo, tena kwa heshima.

Aya hiyohiyo ina upande wa kuangaliwa. Yesu aliendelea kusema kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake, na wapo wanaolichukua neno hilo wakamgeuza mtoto kuwa somo la wengine. Anasimamishwa mbele, anasimuliwa, watu wanalia, kisha wanarudi makwao wakishukuru kwamba wao hawako hivyo. Mzazi ana haki ya kukataa ushuhuda ambao hakuuomba.

Sasa dawa, maana hapa ndipo watoto hufa. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana kifafa pia, na dawa ya kifafa hufanya kazi kwa sababu inakuwemo kwenye damu muda wote. Ikikatwa ghafla, kwa mfano baada ya mkutano wa uponyaji ambako imetangazwa kwamba mtoto ni mzima, degedege inaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo na kuendelea bila kukoma mpaka kupumua kukashindikana. Wazazi waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Waliambiwa kwamba kumeza kidonge ni kumwonyesha Mungu mashaka. La kumwambia anayesema hivyo limo katika Luka 17: wale wenye ukoma kumi walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, yaani kwa watu waliokuwa na kazi ya kuthibitisha nani amepona. Mtoto aliyepona atathibitishwa na daktari. Kwa kawaida daktari hufikiria kuanza kupunguza dawa mtoto akishakaa kama miaka 2 bila kuanguka, na hupunguza kidogo kidogo kwa wiki nyingi au miezi. Kwa mwenye mtindio wa ubongo huwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa chanzo cha kifafa bado kimo kichwani. Muujiza haudhuriki kwa kusubiri hiyo miezi.

Wapo watakaokuletea Marko 9, yule mvulana aliyeanguka motoni na majini, kuthibitisha kwamba kila kifafa ni pepo. Wasomee Mathayo 4:24, ambako wenye pepo wametajwa, kisha wenye kifafa wametajwa kando yao, kisha waliopooza. Mwandishi wa Injili hakuwachanganya. Na katika hiyohiyo Marko 9 angalia kitu ambacho wahubiri hukiruka: kabla ya kumponya, Yesu alimuuliza baba hali ile imempata mtoto tangu lini, naye baba akaeleza tangu utoto na kwa namna gani. Daktari wa mishipa ya fahamu atakuuliza swali hilohilo, na asiye na majibu ataondoka na dozi ya kubahatisha.

Ndiyo sababu nyumba inahitaji daftari. Andika tarehe, saa, mitikisiko ilianzia wapi mwilini, ilichukua dakika ngapi, mtoto alikuwa amelala au macho, ana homa au hana, dawa ilinywewa saa ngapi. Andika uzito wake kila mwezi, kwa sababu mtoto akiongezeka kilo dozi ileile humpungukia, na mara nyingi degedege zinazorudi baada ya miezi ya utulivu hazina siri nyingine zaidi ya hiyo. Dawa ya maji pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Chupa mbili za dawa ya jina moja zinaweza kuwa na nguvu tofauti katika kila mililita 5, kwa hiyo kila chupa mpya isomwe kabla haijafunguliwa. Nyingine hutuama: usipoitikisa, mtoto atapata dawa hafifu chupa ikiwa imejaa na dawa kali mno ikikaribia kuisha. Na muulize daktari mapema, kabla haijatokea, nini kifanyike mtoto akitapika baada ya kunywa. Jibu hilo liandikwe kwenye jalada la daftari, maana saa nane za usiku hakuna anayelikumbuka.

Degedege ikitokea katikati ya ibada, wa kwanza kuangalia saa awe mzazi, kwa sababu watu wengine wote watakuwa wanaangalia mtoto. Mlaze kwa ubavu, sogeza viti, weka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Aliye kwenye kiti cha magurudumu na amefungwa mkanda aachwe hapohapo, breki zifungwe, kichwa kishikiliwe kielekee upande ili mate yatoke nje. Asibanwe kuzuia mitikisiko. Kijiko, kitambaa wala kidole visiingie kinywani, kwa kuwa meno huvunjika na kidole hutafunwa. Asipewe maji wala mafuta ya upako mpaka awe macho kabisa. Mitikisiko ikipita dakika 5, au ikikoma na kurudi kabla hajapata fahamu, huyo ni wa hospitali sasa hivi, na anayetaka kuomba aombe ndani ya gari. Povu la mdomoni halimwambukizi mtu kifafa. Hili lisemwe na mchungaji mwenyewe siku ya kawaida, wakati hakuna aliyeanguka.

Kuhusu kuwekewa mikono, familia ikubaliane msimamo mmoja kabla ya kufika mlangoni. Wengi wetu hupenda mtoto aombewe. Tunachokataa ni namna. Mtoto mwenye misuli iliyokaza akishtuliwa kwa sauti ya ghafla sikioni au akishikwa kichwa bila kutarajia, mikono hutupwa nje, mgongo hujikunja kwenda nyuma na mwili mzima hukakamaa. Anayeomba huona mkakamao ule akadhani kuna kitu kinajibu, akaongeza sauti, na mtoto akazidi kukakamaa. Ni mshtuko wa neva tu. Anayemwombea aje mbele yake, mahali macho ya mtoto yanapomwona, amwite jina, aweke mkono begani au goti, aseme kwa sauti ya mazungumzo. Atashangaa misuli inavyolegea.

Kuna jingine zito kuliko hilo: kumvuta mikono asimame "kwa imani". Mifupa isiyobeba uzito wa mwili huwa dhaifu, na baadhi ya dawa za kifafa zikitumiwa kwa muda mrefu huidhoofisha zaidi. Paja la mtoto wa namna hiyo linaweza kuvunjika kwa mvuto ambao mtoto mwingine angeucheka. Kama hawezi kusema, dalili pekee itakuwa kilio wakati wa kubadilishwa nepi na mguu unaovimba. Kwa hiyo mzazi asimame kati ya mtoto na mikono hiyo, hata kama mwenye mikono ni mgeni mashuhuri.

Kuomba uponyaji si tatizo, na kutochoka kuomba si tatizo pia. Paulo aliomba mara tatu kuhusu mwiba wake, akaacha alipopewa jibu jingine. Shida huanza pale mtoto anapopangiwa maisha ya kungoja. Kiti kinaahirishwa kwa sababu kukinunua kutaonekana kama kukubali kushindwa. "Mwaka huu atatembea." Wakati huo mtoto amelala chali miaka, nyonga inatoka, kifua hakipanuki vizuri, makohozi yanakaa, na nimonia zinafuatana. Anayekaa wima kwenye kiti kinachomfaa hupumua vizuri zaidi, hula kwa usalama zaidi na huona nyuso za watu. Mungu akimwinua kesho, kiti kitapewa mwingine.

Kiti chenyewe kipimwe. Makalio yafike nyuma kabisa, nyonga na magoti yakunjwe kwa pembe mraba, nyayo zikae juu ya kibao, na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili hivi kabla ya ukingo wa kiti. Kikubwa cha "atakua nacho" ni hasara: mtoto huteleza mbele, mgongo unapinda upande, na baada ya saa moja kichwa kiko kifuani. Nyonga zipigwe picha ya eksirei kwa ratiba ambayo daktari ataitoa, hata kama hakuna maumivu, kwa maana nyonga huanza kuhama kimyakimya.

Mazoezi ya kunyoosha misuli ndiyo huacha familia nyingi zikiwa na hatia, kwa sababu yanahitajika kila siku na hayana matokeo ya kuonekana kesho. Mtaalamu wa mazoezi tiba akisema shikilia mnyoosho kwa nusu dakika, Sala ya Bwana ikisemwa taratibu inatosha muda huo. Kisigino kinakaa kiganjani mwako, nyayo zake zikiegemea upande wa ndani wa mkono wako, goti limenyooka. Unasukuma polepole mpaka unahisi msuli unagoma, unasimama hapo, unaanza "Baba yetu uliye mbinguni". Ukifika "Amina" unalegeza, unahamia mguu wa pili. Usisukume kwa kushtua; msuli uliokaza ukivutwa ghafla hujibana zaidi. Nyumba nyingi zimemaliza ibada ya asubuhi kwa namna hii bila kutafuta muda mwingine wa ibada, na mtoto huyajua maneno hata kama hayasemi.

Mikesha na mfungo vina hatari zake. Kukosa usingizi ni moja ya vichochezi vikubwa vya degedege. Mtoto mwenye kifafa asipelekwe mkesha wa usiku kucha. Mzazi mmoja aende, mwingine abaki, na mwezi unaofuata wabadilishane. Mtoto asifungishwe kula. Njaa na kukosa maji humchochea, choo humkauka (na choo kigumu ni mateso ya kila siku kwa watoto hawa hata bila mfungo), na baadhi ya dawa humsumbua tumbo likiwa tupu. Mama anayemwinua mtoto wa kilo 25 mara nyingi kwa siku naye asione aibu kuacha mfungo mrefu. Akizimia akiwa amembeba, wataumia wawili.

Meza ya Bwana inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu wachungaji wengi hawajui na wazazi huona haya kueleza. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana shida ya kumeza. Kipande kikavu na chembamba cha mkate hunata kwenye paa la kinywa, ulimi hauwezi kukibandua, kisha kinakatika na kuanguka nyuma ya koo wakati mtoto anavuta pumzi. Kimiminika chepesi kama divai au maji ya zabibu ni hatari zaidi kuliko mkate laini, kwa kuwa hukimbia kuelekea njia ya hewa kabla koo halijajifunga. Katika makanisa ambayo mtoto hushiriki, mweleze mchungaji siku kadhaa kabla. Omba chembe ndogo kama punje, ilowekwe mpaka ilainike, iwekwe na mzazi katikati ya ulimi kwa kijiko kidogo bapa. Kabla ya hapo mtoto awe amekaa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kidevu kikielekea kifuani. Kamwe kichwa kisilazwe nyuma, maana hapo njia ya hewa iko wazi. Subiri. Angalia koo lipande na kushuka. Mstari wa watu uendelee kupita. Wewe ubaki hapo mpaka amemeza. Kama daktari amekataza kabisa chakula cha mdomoni na mtoto analishwa kwa mrija, zungumza na mchungaji kuhusu kugusisha midomo tu au kubarikiwa, kwa taratibu za kanisa lenu.

Kanuni hizohizo ni za kila mlo. Mlishaji akae chini, macho yake yawe usawa wa macho ya mtoto au chini kidogo, kwa sababu ukisimama utamfanya ainue kidevu. Chakula kiwe laini cha namna moja. Uji wenye madonge au mchuzi wenye nyama ndani humchanganya mtoto kwa kuwa kinywa kinapaswa kushughulikia viwili kwa pamoja. Kijiko kisubiri kinywa kifungwe, kisikwanguliwe kwenye meno ya juu. Kukohoa, macho kutoa machozi, sauti kuwa na majimaji baada ya kumeza, rangi kubadilika: hizo ni dalili kwamba anapaliwa. Wengine hupaliwa bila hata kukohoa, na mzazi hujua tu kwamba vifua haviishi. Milo inayopita nusu saa humchosha na mwisho wake ndiyo hatari zaidi. Afadhali milo mifupi mingi. Baada ya kula abaki wima angalau dakika 30. Maana yake, kama ibada ni saa tatu asubuhi na safari inamlaza kwenye gari, kifungua kinywa kihesabiwe kutoka hapo.

Na ibada yenyewe? Fika na uketi pembeni karibu na mlango, mbali na spika. Dawa ya saa mbili ipewe nyumbani kwa wakati wake, na kama kuna ya mchana iingie kwenye mfuko, isitegemee mahubiri kuisha. Aliyekaa kitini ainuliwe makalio au abadilishwe mkao kila nusu saa hivi. Ngozi juu ya mfupa ikikandamizwa muda mrefu hukosa damu na kidonda huanza kwa doa ambalo haliondoki. Ukimvua viatu vya kunyooshea miguu, wekundu unaodumu zaidi ya dakika 20 unamaanisha vinabana na virudishwe kwa fundi. Mtoto akipiga kelele, watu wakigeuka, tulia. Zaburi inasema kila mwenye pumzi na amsifu Bwana. Haikutaja sauti iwe ya namna gani.

Kanisa husaidia likipewa kazi mahususi. Katika Marko 2 yule aliyepooza alibebwa na watu wanne, na maandiko yanasema Yesu "alipoiona imani yao", ya wale waliobeba. Hilo ni neno la kuwapa wanaokuambia mtoto hajapona kwa sababu imani yenu ni ndogo. Ukisema "tuombeeni" watakuombea, na utarudi nyumbani na mzigo uleule. Sema: dada mmoja aje kila Alhamisi saa kumi mpaka saa kumi na mbili, akae na mtoto, mama alale. Msaidizi huyo afundishwe kwa hatua. Mara ya kwanza anatazama. Mara ya pili analisha na kugeuza mtoto mama akiwa kando yake. Mara ya tatu mama yuko chumba kingine. Karatasi moja ibandikwe ndani ya mfuko wa mtoto: jina analoitikia, jinsi anavyosema ndiyo na hapana (kwa macho, kwa ulimi, kwa tabasamu), mkao wa kula, dawa na saa zake, nini cha kufanya akipata degedege, simu za wazazi wote wawili. Usimpe msaidizi kazi ya kuinua peke yake. Mtoto akishakuwa mzito huinuliwa na watu wawili, magoti yao yamekunjwa, mwili wa mtoto uko karibu na vifua vyao. Migongo ya akina mama wengi imeharibika kwa kuinama kiunoni juu ya beseni.

Usafiri ni kazi nyingine ya kuwapa. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani aliyelemaa baada ya yaya wake kumwangusha akiwa na miaka 5, hukumbukwa kwa kula mezani pa mfalme Daudi. Lakini soma mbele, 2 Samweli 19: mfalme alipokimbia mji, Mefiboshethi alibaki nyuma, akadhaniwa msaliti. Utetezi wake ulikuwa kwamba alitaka kutandikiwa punda, mtumishi akamlaghai, naye ni kilema. Familia nyingi zinazohesabiwa kuwa zimepoa kiroho hazijapoa. Hazina wa kuwatandikia punda. Mzee wa kanisa mwenye gari na Jumapili mbili kwa mwezi anatosha kulitatua.

Ndoa hubomoka mahali padogo. Mmoja anakuwa bingwa wa mtoto, anayejua dozi, daktari, namna ya kumgeuza, na mwingine anabaki mgeni mwenye kutoa fedha. Baada ya muda bingwa anachoka na mgeni anaogopa kugusa. Tiba yake ni kwamba baba naye aende kliniki na aingie chumba cha daktari, alishe, akoseekosee, asisahihishwe kila kijiko. Zamu za usiku zigawanywe kwa maandishi. Na mkiwa mmechoka kiasi cha kutotaka kuomba, kumbukeni Elia chini ya mti katika 1 Wafalme 19: malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa chakula, akamwacha alale, akampa chakula tena.

Ndugu wa mtoto waambiwe ukweli kwa umri wao: mtindio wa ubongo hauambukizi, hakuna aliyemsababishia, hata yule aliyewahi kutamani mdogo wake asingezaliwa. Wapewe kazi ndogo zenye mwisho. Binti mkubwa asigeuzwe mama wa pili kwa kuwa tu ni msichana, wala asilazimishwe kuahidi mbele ya watu kwamba atamtunza mdogo wake maisha yote.

Usalama uzungumzwe bila haya, hata kanisani. Mtoto anayebadilishwa nguo na watu wengi, asiyeweza kusema, ni rahisi kudhulumiwa, na mdhulumu mara nyingi ni mtu anayeaminika. Shule ya Jumapili iwe na watu wazima wawili chumbani wakati wote. Kumsafisha mtoto kufanywe na watu waliotajwa kwa majina na wazazi. Afundishwe majina halisi ya sehemu za mwili na ishara ya kukataa, na balehe ikifika, hedhi au ndevu, aelezwe kabla haijamshtua, hata kama mnadhani haelewi.

Ipo pia huzuni ambayo haitibiki kwa ratiba. Hurudi siku wenzake wanapoanza shule, wanapopata kipaimara, wanapooa. Kanisa hupenda kuiharakisha ifike kwenye ushindi. Zaburi ya 88 ipo kwenye Biblia, nayo inaisha gizani bila kugeuka kuwa sifa, na mtu anaweza kuisoma yote kwa sauti akaishia hapohapo, akaenda kumpa mtoto dawa.

Swali linalobaki ni nani atamlea wazazi wakitangulia. Lisiachwe kwenye sala peke yake. Mchagueni mlezi mkiwa wazima, mmuulize faraghani ili aweze kukataa, kisha muandike wosia kwa sheria za nchi yenu na kumtaja wa pili endapo wa kwanza atashindwa. Mlezi huyo aanze sasa: mchana mmoja, baadaye usiku mmoja, baadaye wiki nzima wazazi wakiwa mbali na simu. Kila baada ya jaribio mkae naye mpitie daftari, mwone ni wapi alikwama. Mara nyingi hukwama kwenye vitu viwili, kumgeuza usiku na kupima dawa ya maji, kwa hiyo hivyo virudiwe mpaka avifanye bila kuuliza. Kila mwaka siku ya kuzaliwa mtoto ile karatasi ya kwenye mfuko iandikwe upya, kwa sababu dozi zimebadilika, uzito umebadilika, na pengine ile ishara yake ya kusema hapana nayo imebadilika.